Wimbo Mpya wa Marimba kwa Waliotahuka

Mimi hupiga marimba hapa Muyinga, na nyimbo zote natunga mwenyewe, jambo ninalolitangaza hata kwa asiyeuliza. Ndiyo maana Mama Zuhura wa Nyamugari, Gitega, aliponipigia simu, kichwa kilinivimba.

"Fundi, uje utupigie Jumapili. Batoto yangu mbili bametah..." Mtandao ukakatika.

Mimi niliyekulia kambini Tanzania nikamalizia mwenyewe: wametahuka, yaani wamerudi nyumbani kutoka ukimbizini. Siku tatu nzima nikatunga wimbo wao.

Jumapili nikawakuta vijana wawili wamevaa kanzu, wamekaa mkekani miguu huku na huku. Nikasema moyoni, uchovu wa lori la kutoka kambini huo. Nikashika kipaza sauti.

"Wadogo zangu, hata mimi nilipitia. Kuna kitu chenu kimebaki kule, na najua kinauma. Msikate tamaa. Wimbo huu nimeuita 'Turudi Tukakichukue'."

Mzee mmoja akapaliwa na pilau. Mama Zuhura akaninong'oneza karibu kabisa na kipaza sauti, uwanja mzima ukasikia:

"Fundi, batoto bametahiriwa. Munarudi kuchukua nini?"