Kula Taratibu Ugenini

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huku Ngara, na nilikuwa mnene. Sisemi hivyo kwa aibu. Mwanamke mnene alisifiwa kwamba mumewe anamtunza, na mimi sifa hizo nilizipokea bila kukataa hata moja. Kisha siku moja nikaanguka darasani, chaki mkononi. Nesi wa zahanati akaniambia presha imepanda, na nisipopunguza kula itaniua kabla sijastaafu.

Alinifundisha kula upya, kana kwamba ndiyo kwanza naota meno. Nipakue kwenye kisahani cha chai. Kabla ya kula nikitazame chakula, nikinuse. Kila tonge nilitafune mara thelathini, nipumzike kati ya tonge na tonge, na niache wakati bado nina nafasi tumboni. Mume wangu aliniuliza kama nakula au nasali. Njaa ilinifanya mkali, na darasa langu la tano lilikiona cha moto. Lakini baada ya miezi miwili niliupanda mlima wa kuelekea Murukulazo bila kusimama, nikaanza kujiona mjanja.

Wakati huo kulikuwa na mjane mmoja wa Kirundi aliyetoka kambini kuja kulima kibarua kwenye migomba yangu, nami nikimlipa kwa ndizi na maharage. Tulielewana haraka, maana Kihangaza changu na Kirundi chake havipishani sana. Alikuwa na ulimi mkali kama wangu, ndiyo maana nilimpenda. Riziki yake hasa ilikuwa uji aliouuza asubuhi kwenye kisoko cha kambini. Posho ya kambi ilikuwa imepunguzwa, na uji huo ndio uliowalisha watoto wake watatu.

Mtoto wake wa mwisho alipopona surua, alinialika kwake tushukuru pamoja. Ndani ya hema lake la turubai niliwakuta wanawake watano, majirani zake, wamekaa wakinisubiri. Akaniwekea sahani iliyojaa: ndizi za shambani kwangu mwenyewe, maharage, na paja la kuku ambaye mpaka leo sijui alimpataje.

Nikala kama nilivyofundishwa. Niliitazama sahani, nikainusa, nikatafuna, nikatua, nikatafuna tena. Niliona wananiangalia, nikadhani wanaipenda adabu yangu. Nilipofika nusu nikaisogeza sahani, nikasema nimeshiba. Mwenyeji wangu akaivuta ile sahani na kula kilichobaki chote mbele ya wenzake, bila kuniangalia. Mimi mjinga nikafurahi kwamba chakula hakikutupwa.

Baada ya hapo wiki mbili zikapita bila kumwona shambani. Mwalimu mwenzangu, aliyekuwa na jamaa kule kambini, ndiye aliyenifumbua macho. Huku kwetu mtu akikichunguza chakula ugenini, akakinusa, kisha akakiacha, amemwambia mwenyeji kwamba anaogopa sumu. Wala sikuhitaji kufundishwa hilo. Mama yangu alinichapa nilipokuwa mdogo kwa kunusa mboga kwa jirani. Nilisahau kwa sababu siku hizo nilikuwa namsikiliza mtu mmoja tu, tumbo langu. Sasa kambi nzima ilikuwa inasema kwamba hata mwalimu anayempa kazi amemwogopa, na uji wake haununuliwi tena.

Nilikasirika. Niliwakasirikia wale wanawake, kisha yule nesi, na mwishowe nikajikasirikia mwenyewe. Jumamosi asubuhi nikaenda kambini. Nilimkuta sokoni amekaa nyuma ya sufuria iliyojaa, uji umeshafanya utando. Nikawaeleza watu waliokuwepo kwamba nina presha, na kwamba nimeambiwa nipunguze kula. Bibi mmoja akacheka. Akaniuliza ni daktari gani huyo anayemwambia mwenye shamba la migomba ale kidogo. Wote pale walikuwa wanakula kidogo bila kuambiwa na daktari.

Basi nikaomba uji. Kikombe cha kwanza nilikinywa kwa mkupuo mmoja, nikaomba cha pili, nikaomba cha tatu, na sukari yote niliyokatazwa ikateremka nayo. Watu walisimama wakinitazama. Niliponyoosha mkono kwa cha nne, yule mjane aliifunika sufuria.

"Inatosha, Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini. "Unakunywa haraka mno. Wanaona unajilazimisha."

Nikamwambia nitakuja kila Jumamosi mpaka waamini. Alitikisa kichwa. Ule ulimi wake niliouzoea haukuwepo, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

"Nenda nyumbani, na uende taratibu," alisema. "Ukianguka njiani kwa hiyo presha yako, watasema ni mimi."

Hakuna hata mmoja aliyekuwa amenunua. Nikaondoka. Jua lilikuwa limeshakuwa kali, kichwa kinanigonga, moyo unakwenda mbio, na kwangu bado ni mwendo wa saa mbili. Nilikuwa nimeogopa kufa tangu siku ile ya darasani, lakini kwa ajili yangu mwenyewe. Sasa kila kizunguzungu kilipokuja nilikaa chini kando ya barabara mpaka kipite, nikimwomba Mungu anifikishe nyumbani nikiwa hai, kwa ajili ya yule mjane.