Mwendo wa Kitabuni

Mkufunzi mkuu wa marubani hukipangusa kitabu cha ndege kila asubuhi, lakini ndege yenyewe haigusi. Rangi imepakwa juu ya rangi, pangaboi limepigwa tupa hadi limekonda, mbawa zimebonyezwa na mvua ya mawe. Mwanafunzi akilalamika kwamba haifiki mwendo ulioandikwa, mzee hugonga ukurasa kwa kidole chenye grisi: "Maili mia na kumi kwa saa! Mkono wako ndio mzito, bwana."

Jana ilikuwa zamu ya binti yake kuruka peke yake, safari ya muda wa saa tatu. Binti alipiga hesabu ya mafuta kwa mwendo wa mia na kumi. Mzee akafuta, akaandika tisini, akapanda ngazi kujaza tangi hadi pomoni.

"Baba, na kitabu je?"

"Kitabu hakina mtoto."