Bukari Ilivyopata Tena Njia kwa Mama Riziki

Siku yangu ya kwanza kama muuguzi katika chumba cha upasuaji cha hospitali ya Nundu, daktari mkuu alinirudisha kwenye beseni kunawa hadi viwiko vikawaka. "Mama, rudilia. Microbe haina haya," alisema. Nilimchukia asubuhi ile; jioni nilijua nimepata mwalimu.

Baadaye nikahamishiwa hospitali ya Baraka. Huko nilimpokea Mama Riziki, muuza samaki wa Kazimia. Bukari, ugali wetu, ilikuwa imeanza kumkwama kooni. Kama wengi wetu, alikimbilia kwanza kwa watu wanaoingiza vidole kooni kutoa "nyama iliyokwama". Nyama haikuwapo. Ilikuwa kansa ya umio, njia ya chakula.

Mwanawe alikuwa amesikia habari za roboti inayopasua watu ng'ambo, akataka kuuza mtumbwi wa familia pamoja na injini yake.

"Ile roboti mi niliionaka," alisema mpasuaji wetu, aliyesomea mbali. "Haifanyake kazi yenyewe, munganga kama mi ndiye anaiongoza. Bidonda byake biko bidogo, maumivu inapunguka, mapafu inapona mbio. Lakini bei yake itabamaliza. Na kansa haiulizake nani alishika kisu, inaulizaka kama tulifika mapema. Hapa tulifika mapema."

"Na mama akikufa?" mwanawe akauliza.

"Inawezekana. Siwezi kukudanganya."

Mama Riziki akakata shauri: "Mutumbwi ibakie. Munipasue hapa."

Tulipasua tumbo na shingo, tukatoa sehemu mbovu, tukavuta mfuko wa chakula juu uwe njia mpya. Kwa maumivu ya kidonda kikubwa, alipata tabu sana kukohoa, na hapo niliielewa faida ya vidonda vidogo.

Ikafika siku ya jaribio. Mgonjwa hunyweshwa maji ya bluu. Mshono ukivuja, bendeji ya shingoni hubadilika rangi. Akameza. Nikatazama. Akameza tena. Bendeji ikabaki nyeupe, nami nikalia kwa furaha mbele ya wodi nzima.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza kama roboti itafika Baraka. Ije, nitaipigia vigelegele. Ila bukari ikianza kukukwama, usingoje roboti, njoo hospitali.

Mama Riziki hula kidogo kidogo, mara nyingi. Jumapili iliyopita alikula kwangu, akamaliza, akachungulia sufuria.

"Dada, hii bukari yako iko kidogo."

Nikainuka kusonga nyingine, huku nikiimba.