Daktari Anataka Sahihi Yangu, na Moyo Wangu Unacheka

Admin, nifiche vizuri, maana hapa mtaani Mpumudde, Jinja, hata mbuzi wananijua. Mimi ni mzee wa miaka sitini na tisa, Mwislamu, fundi baiskeli. Shule niliiachia darasa la tano, baada ya mwalimu na mimi kuchokana. Kiswahili nilikiokota kwa madereva wa Kenya, kwa hiyo mkiona makosa walaumuni wao.

Nilikunywa waragi, ile pombe kali ya Uganda, miaka thelathini. Kwetu ni Mbale, upande wa viwandani, na kule wananikumbuka nikiwa nimelala mtaroni na kiatu kimoja. Nimeacha miaka saba sasa, kwa msaada wa kikundi cha sheikh mmoja hapa Jinja. Tunakutana msikitini kila Jumamosi baada ya alasiri. Kikundi chenyewe kilianzishwa kwa ajili ya watu wa kazi kubwa, madaktari, manesi, mawakili, waliosimamishwa kazi kwa ajili ya pombe au dawa. Mimi niliingia kama mpika chai, nikabaki. Utaratibu ni huu: aliyemaliza wiki bila kugusa kitu chake, Sheikh anampa tende moja mbele ya wote, anasema bismillahi, anakula. Aliyeteleza anajisema mwenyewe, hapewi, anaanza kuhesabu upya. Mwaka wangu wa kwanza niliteleza, nikajisema, nikakaa kuwatazama wenzangu wakitafuna.

Mwaka jana akaja daktari. Ni daktari wa dawa ya usingizi, yule anayemlaza mgonjwa kabla ya kisu. Kule Mbale alianza kujichoma mwenyewe dawa za wagonjwa, akakamatwa, baraza lao likachukua leseni. Akaja Jinja kujificha. Sheikh akanipa mimi niwe msimamizi wake: kila asubuhi ananipigia simu kusema "leo bado safi", na kila mwezi nasaini fomu ya kuthibitisha kwamba hajagusa dawa, inayokwenda kwa baraza. Fikirieni, mtu wa darasa la tano anamsainia daktari. Nilivimba kama andazi.

Halafu wakaanza kumpenda. Mwezi wake wa tatu tu akasimamishwa mbele kutoa ushuhuda. Analia kwa Kiingereza, watu wote wanalia naye. Wanawake wanamletea pilau kwenye hotipoti. Mimi miaka saba nimekula tende kuliko ngamia, hotipoti sijaiona. Mwisho Sheikh akatangaza kwamba tunafungua tawi Mbale, na kiongozi atakuwa daktari. Mbale, mji wangu. Kumbe mimi nilikuwa nimelingoja jambo hilo kimyakimya, niingie kule na kanzu nyeupe, wale walioniruka mtaroni wanisalimie kwa mikono miwili. Nilipomuuliza Sheikh akanishika bega.

"Mzee wangu, kule tunataka mtu ambaye wasomi watamsikiliza. Na wewe ukienda, chai tutapikiwa na nani?"

Basi Alhamisi iliyopita, mchana, daktari akashuka kwenye boda mbele ya kibanda changu. Akakaa juu ya kreti la soda bila hata kusalimia.

"Mzee, nimeteleza."

"Umeteleza wapi bwana? Mvua haijanyesha."

"Jumanne. Nilikuwa nimebakiza kichupa kimoja ndani ya kiatu cha zamani. Nimekimaliza."

"Jumatano si ulinipigia ukasema safi?"

"Nilisema." Akafunika uso. "Nisaidie, mzee. Fomu ya Jumatatu ndiyo ya mwisho. Ukisaini, wiki ijayo narudi kazini. Ni mara moja tu, na hakuna kichupa kingine, wallahi."

Nikamwambia nitafikiri. Alipoondoka nikarudi kwenye gurudumu langu, na baada ya muda nikajikuta napiga mluzi. Hiyo ndiyo dhambi yangu, ndugu zangu. Mwenzangu anazama, mimi napiga mluzi, nimeshajiona Mbale na kanzu.

Jana Jumamosi Sheikh akamnyooshea tende. Nilidhani ataikataa. Akaila, macho yake kwangu. Na mimi sikumsema, nikala yangu.

Nilipofika nyumbani nikamweleza mke wangu, alikuwa anachambua mchele.

"Nikimsainia," nikasema, "atawalaza watu kwa mkono huo. Nisiposaini, wanamwongezea mwaka mzima bila leseni."

"Basi usisaini."

"Watasema ni wivu."

"Kwani si wivu?"

"Ni wivu."

"Angekuwa mtu unayempenda, ungefanyaje?"

"Ningemshika mkono mpaka kwa Sheikh, ajiseme mwenyewe kama nilivyojisema mimi."

"Na huyu?"

"Huyu nataka nikamseme mimi, mbele ya watu, tende ikiwa bado mdomoni."

Akacheka mpaka mchele ukamwagika. "Afadhali hunidanganyi," akasema.

Leo asubuhi daktari amepiga simu. "Mzee, leo bado safi." Sauti ilikuwa inatetemeka, na sijui ni uongo ama ni aibu. Kesho anakuja na fomu. Nikisaini ili nionekane mtu mwema, kuna mama wa watu atalala juu ya meza ya upasuaji akimwamini. Nikikataa, haki na wivu vinatoka mlango mmoja, na sitajua kamwe kama nimewaokoa wagonjwa ama nimejitafutia Mbale. Msiniambie niswali, naswali. Msiniambie niache wivu, kuacha waragi kulikuwa rahisi zaidi.

Mke wangu ana dawa yake. Anasema nisisaini, nimshike daktari mkono twende wote kwa Sheikh, lakini kabla daktari hajafungua mdomo, mimi nitangulie kusema kwamba Mbale siitaki, hata nikipewa. Hilo la kwanza naliweza. Hilo la pili limeniuma tangu jana.

Nifanye yote mawili? Nipeni ushauri kabla ya kesho asubuhi, na tafadhali, apatikane hata mmoja wenu wa kusema kwamba la pili si lazima.