Rangi ya Irine

Mchapaji wa kadi pale Same mjini hakuwa na haraka na mtu. Kila karatasi iliyotoka kwenye mashine aliishika pembeni kwa ncha za vidole, akaipeleka mlangoni penye jua, akainamisha kichwa kama anayesikiliza. Hezroni, aliyeshuka na mchumba wake Irine kutoka Mamba kuchapisha kadi za harusi, alimchukia tangu karatasi ya kwanza. Kwenye kompyuta Irine aling'aa pichani. Kwenye karatasi alitoka mwekundu kama tofali.

"Kioo cha kompyuta kina mwanga wake, dada," mchapaji alisema kwa sauti ya chini. "Karatasi haina, ni wino tu. Kwa hiyo siwezi kukiamini kioo. Hebu nitazame." Irine akamtazama. Mchapaji akamwangalia usoni, akarudi kwenye kompyuta, akapunguza wekundu kidogo, akamwangalia tena. Na Irine, ambaye mbele ya Hezroni huinamisha macho, safari hii hakuyainamisha. "Inatosha sasa," Hezroni alisema. "Bado, kaka. Dada ni maji ya kunde." Hatimaye mchapaji alilaza karatasi mbili mezani. "Bwana harusi, ipi ndiyo yeye?" Hezroni alizitazama kwa muda mrefu, kisha akagusa ile iliyong'aa karibu kama kwenye kompyuta, kwa kuwa ndiyo iliyompendeza. Irine akachukua ile nyingine, ya maji ya kunde, akaisogeza karibu na shavu lake, akamgeukia mchapaji aone.