Dumu la Maji Kutoka Magomeni

Mama mkwe wangu alikuwa akija kwetu Kariakoo kila Alhamisi akitokea Magomeni, na mkononi ameshika dumu la maji, amelifunga kanga kama mtoto anayepelekwa kliniki. Alipanda nalo ngazi mpaka ghorofa ya tatu, anapumzika kila kona, na mtu akitaka kumpokea anakataa. "Jepesi hili, mwanangu," anasema, huku anahema.

Mimi nina duka la vyombo vya plastiki mtaa wa pili kutoka nyumbani. Nauza ndoo, mabeseni, mapipa, na madumu ya aina ile ile. Sasa mtu anapobeba maji kuyaleta nyumbani kwa mwenye duka la madumu, wewe ungelichukuliaje? Mimi nililichukulia vibaya. Sikuwahi kuona tusi lililofungwa kanga nzuri namna ile.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mimi ni Mchaga, nimelelewa kanisani. Mume wangu ni Mwislamu, mtoto wa Magomeni wa tangu babu na babu. Tulipooana bomani, kila upande ulinuna kwa muda wake, kisha ukachoka kununa. Huyu mama ndiye aliyechoka wa kwanza. Baba mkwe alipofariki, akaanza kuja kwetu kulala siku mbili tatu ili nyumba isimwelemee. Alikunywa chai yangu, alitia udhu bafuni kwangu, akanifundisha kufukiza nguo kwa udi. Kitimoto, nyama ya nguruwe, hakijawahi kuvuka mlango wa nyumba ile, na yeye alijua, ingawa hatukuwahi kulizungumza.

Safari moja nilirudi kutoka dukani nikakuta nyumba yote inanukia ndimu. Alikuwa ameamua kunitengenezea achari, ndimu zimeshakatwa, zimetiwa chumvi na manjano, zimeanikwa juani kwenye paa la jengo. Siku ya pili akapigiwa simu kwamba kuna msiba kwa jirani, akaondoka mbio, akamwagiza mwanawe aziteremshe zikishakauka na ampelekee. Mume wangu akaziteremsha. Achari ikarudi kwangu ndani ya chupa, kali na tamu, nikaila hata na ndizi za kuchemsha, jambo ambalo mama yangu mzazi hakulifurahia.

Halafu dumu likaanza.

Mwanzoni nilidhani ni dawa ya shehe, maji ya kusomewa, nikanyamaza. Nikaja kumwona anatilia udhu maji hayo hayo, anayamimina kidogo kidogo kwenye kopo, mlango wa bafu umeegeshwa. Chai akawa anasema ameshakunywa. Chakula alidonoa tu. Nikaanza kuhesabu makosa yangu: labda amesikia nimekwenda kula kwa ndugu zangu, labda ni sufuria, labda ni ule msalaba mdogo ninaovaa. Nilimwambia mume wangu, akasema, "Mama mzee tu, ana mambo yake." Wanaume wana majibu mafupi pale unapotaka marefu. Niliumia. Nilimpenda yule mama, na nilikuwa na hakika kwamba ameanza kuniona mimi ni mtu asiye safi.

Ikafika Alhamisi moja, dumu likavuja njiani. Kifuniko chake hakikukazwa, akafika na kanga imelowa na maji kidogo chini. Mchana yakaisha. Alasiri ilipokaribia nikamkuta amekaa kwenye ukingo wa kochi, amejitanda tayari, anatazama mlango wa bafu.

"Mwanangu," akasema, "nitumie mtu dukani, aniletee maji ya chupa."

Hasira zangu ziko karibu, sikatai. "Mama, bomba lipo pale. Maji ya nyumba hii yana nini?"

Akashusha macho. "Yananuka."

Nikasimama kama niliyemwagiwa hayo maji yenyewe.

"Yananuka, mwanangu, tangu siku nyingi. Nilidhani yataacha. Sasa mimi nimekuja kwako, umenipa kitanda, umenipa chakula, nianze kukwambia maji yako yananuka? Nikaona nibebe yangu." Akaanza kunieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto. Maji ya udhu huangaliwa rangi, ladha na harufu. Yakibadilika kwa kutu ya bomba au kwa udongo, hayo ni ya ardhi tu, mtu anaswali. Lakini yakinuka kwa sababu kuna kitu kimeozea humo, hapana. "Na mimi sikujua ni lipi. Wewe ulidhani nini?"

"Nilidhani ni mimi."

Akanivuta nikae chini, akanishika kidevu kwa vidole vyake vyenye hina iliyofifia, na mimi mama mzima mwenye duka nikalia.

Nilipomaliza kulia nikataka kujua. Kusema kweli yale maji nilikuwa nimeyaona. Yakirudi baada ya mgao hutoka ya kahawia, unayaacha yamwagike mpaka yang'ae. Siku nyingine hutoka meupe kama tui, ukiyaweka kwenye bilauri yanajisafisha yenyewe kwa sababu ni hewa tu. Siku nyingine yananukia dawa ya kusafishia maji. Kwa hayo mkazi wa mjini wala hashtuki. Harufu hii nyingine ilikuja polepole, nikaizoea, na pua yangu inashinda kwenye plastiki mpya kutwa nzima. Tunakunywa maji ya kununua. Ya bomba tunaogea na kupikia.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa na pua. Akakaa kwenye kiti sebuleni kama hakimu, mimi nikawa nampelekea bilauri. Ya kwanza ya jikoni. Akasema nisinusie pale kwenye sinki, maana matundu ya sinki yana uvundo wake, mtu akasingizia maji. Ndiyo maana yeye amekaa mbali. Akanusa. "Ndiyo yenyewe." Ya bafuni vile vile. Nikateremka mpaka chini, kwenye bomba la mita linalotoka barabarani, nikapanda na bilauri huku wapangaji wananishangaa. Akainua kwenye mwanga. Yalikuwa na wekundu kidogo.

"Haya ni kutu," akasema. "Hayanuki. Ubaya hauko mtaani, mwanangu. Uko juu."

Magoti yake hayakumruhusu, nikapanda peke yangu. Paa letu lina matangi meusi, kila nyumba na lake, na kamba za nguo, na kunguru. Tangi letu mdomo wake ulikuwa umefungwa kiroba cha sukari kwa kamba, na jua lilikuwa limekila kile kiroba mpaka kikachanika katikati. Kunguru alikuwa amesimama ukingoni, ana kipande cha utumbo kutoka kwa wauza nyama wa sokoni, anakichovya majini kama mtu anayechovya andazi kwenye chai. Nikampungia mkono, akaondoka kwa madaha. Nikachungulia. Chini kulikuwa na tope, mifupa, manyoya, na vitu ambavyo sitavitaja kwa sababu tulikuwa tumepikia wali.

Mfuniko niliukuta nyuma ya tangi, umegeuzwa chali juu ya tofali mbili. Ulikuwa na chumvi iliyokauka, madoa ya manjano, na mbegu za ndimu zilizoganda pembeni.

Nilikaa pale juani. Nikaona jinsi ilivyokuwa: mama wa watu amepanda ngazi zote hizo na magoti yake, sinia haikutosha, akatazama huku na huku, akaona mfuniko mpana, mweusi, unaoshika joto. Akafunga kiroba vizuri kwa fundo lake, akitarajia kuurudisha. Kisha msiba. Kisha mwanawe, ambaye akitumwa ndimu analeta ndimu. Angeniuliza tu ningempa sinia kumi. Nikacheka, nikafuta mbegu zile kwa ncha ya kitenge changu mpaka mfuniko ukawa mfuniko tu.

Jioni ile mume wangu alifunga maji, tukamwaga tangi lote. Akaingia ndani akiwa na brashi na sabuni, mimi nikimulika na kumsema. Tukasuuza, tukatia dawa, tukamwaga tena. Mfuniko nikaukaza mwenyewe. Nilimwambia kila kitu, na nikamwambia pia kwamba akifungua mdomo kwa mama yake atalala dukani.

Kesho yake maji yalipojaa nikampelekea mama mkwe bilauri. Akanusa, akanusa tena, akaonja kwa ncha ya ulimi. Kisha akaingia bafuni. Safari hii aliuacha mlango wazi, nami nikasimama na taulo kusikiliza bomba langu likitiririka mikononi mwake. Sijui kama kuna sauti nyingine nimewahi kuifurahia hivyo.

"Ilikuwa nini?" akauliza akijifuta.

"Kunguru, mama."

"Na mfuniko?"

"Upepo. Uliangushwa na upepo."

Alikunja taulo polepole, pembe kwa pembe. "Upepo," akasema, akaenda kuswali.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa nimeshafunga duka mapema. Nikamsikia anahema kwenye ngazi, nikamteremkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alikuwa na kanga ile ile, imefunga kitu, na kwa mara ya kwanza aliniachia nikipokee. Kilikuwa chepesi kuliko dumu. Tulipofika ndani nikafungua nikakuta chupa mpya ya achari, bado ina joto la jua.

"Safari hii nimezianika uani kwangu, juu ya ungo," akasema, akipita kuelekea bafuni bila kunitazama. "Huku kwenu kuna upepo."