Kinanda Kilichomfuata Baba Mdogo

Mimi ndiye yule mpiga kinanda aliyewachekesha watu kwenye msiba wa dada yake mwenyewe. Naanza na hilo kabisa ili msije mkaambiwa na wengine, maana pale mtaani kwetu Mkuyuni bado kuna watu wakiniona naja wanageuka kusoma bango la vocha, mabega yanatikisika, na mimi nawapita na salamu zangu kama sijaona kitu.

Dada yangu Kabula alikuwa na mguu mmoja mfupi tangu utotoni, na watoto wa mtaani walikuwa wakimfuata nyuma wakichechemea kama yeye. Mahali ambapo hakuchekwa ni kwa jirani yetu, mzee mmoja mstaafu wa meli, aliyekuwa na deki ya video na kanda za katuni za Wamarekani, zile za zamani zilizokuwa zikionyeshwa kwenye majumba ya sinema. Hazikuwa na maneno mengi, kwa hiyo Kiingereza hakikutusumbua. Muziki ndio uliokuwa unazungumza. Dubu akinyata, fidla zinanyata naye, akipanda ngazi zumari inapanda, akiteleza kutoka juu ya mwamba okestra nzima inaporomoka pamoja naye mpaka chini, bum! Halafu anainuka. Mimi nilikuwa nawaza hao wapigaji, watu wazima na suti zao, wameketi chumba kizima wanampigia dubu wa kuchorwa kila hatua yake bila mzaha. Kabula aliona kingine.

“Umeona, Petro?” aliniambia. “Huyu akianguka, haanguki peke yake.”

Nilipojifunza kinanda cha umeme kanisani, nikapata na changu nyumbani, nikamtungia muziki wa kutembea kwake. Tumm-ti, tumm-ti, besi kwa mguu mrefu, fidla kwa ule mfupi. Akivuka sebule napiga, akisimama nasimama, akijitupa kwenye kochi namshusha kwa vidole toka juu mpaka chini, bum, na yeye anacheka mpaka anajifuta machozi. Tuliucheza mchezo huo mpaka tukawa watu wazima, na vidole vyangu vikazoea vibaya: mtu akipita mbele yangu vinamfuata vyenyewe. (Mwalimu wa kwaya alishanionya, siku nilipomsindikiza kwa besi mama mmoja mnene akipeleka sadaka.)

Mwaka huu Kabula akafariki. Figo. Hapo sitasema zaidi, siwezi.

Asubuhi ya ibada Mama alinikuta uani, akanishika mkono. “Petro, mwanangu, Kabula amechekwa maisha yake yote. Nakuomba kitu kimoja tu. Leo asichekwe.”

Nikamwambia, “Hatachekwa, Mama.”

Sasa sikilizeni nilivyojimaliza. Kinanda chetu huwa kinaangalia ukuta, mpigaji anawapa watu mgongo. Nilipofika kanisani nikaona hapana, dada yangu anaingia mara ya mwisho halafu mimi niwe natazama rangi ya ukuta? Nikakigeuza kiangalie mlango. Basi, hilo tu. Nilitaka nimwone akiingia.

Jeneza likaja. Pembe ya mbele alikuwa ameishika baba mdogo Masalu, mdogo wake marehemu baba, mfugaji wa kule Usagara, mtu aliyezoea katambuga za tairi, ila kwa heshima ya Kabula alinunua viatu vyeusi vya kuchongoka, vipya, soli zinateleza kama sabuni. Na akina mama walikuwa wamepiga deki vigae tangu alfajiri. Mimi napiga wimbo wa maombolezo kwa sauti ya fidla, machozi yananitoka, wala sikugundua kwamba wimbo umeshaanza kwenda na hatua zao, tumm, tumm, tumm.

Baba mdogo akateleza. Mguu wa kwanza ukaenda, wa pili ukaufuata, na mkono wangu wa kulia, naapa sikuutuma, ukashuka naye kwenye kinanda toka juu mpaka chini, prrrrruuu, na goti lake lilipogonga kigae mkono wa kushoto ukajibu: bum! Wenzake wakaliwahi jeneza, Mungu ni mwema, halikuanguka. Baba mdogo akainuka harakaharaka, na vidole vyangu (hapa ndipo huwa natamani ardhi ipasuke) vikapanda naye, ti-ti-ti-ti-ti, mpaka akasimama wima.

Kisha akacheka mtoto mmoja, na mwingine, halafu sauti ya kwanza wote kwenye kwaya wakajificha nyuma ya vitabu vya nyimbo. Nikababaika, nikatafuta pa kuzima, nikabonyeza kitufe cha mdundo, na sebene ya kuchezea ikaanza. Hapo hata mchungaji alijifunika uso kwa joho. Nikachomoa waya ukutani, na katika ule ukimya nikaliona jeneza la dada yangu likitikisika, kwa sababu waliolibeba walikuwa wanacheka.

Mama hakucheka wala hakulia. Alinitazama tu.

Makaburini Usagara nilimfuata baba mdogo, nikampa shikamoo, nikamwomba radhi. Akaitikia marahaba, akasema, “Goti litapona. Lakini na mimi nilicheka, Petro. Nimembeba mtoto wa kaka yangu begani, na nilicheka.” Akageuka, akalia kwa sauti.

Mama yeye alikuja na neno moja tu jioni ile: “Nilikuomba kitu kimoja.” Baada ya hapo ni “karibu chakula” na “funga mlango”, basi. Kinanda changu cha nyumbani nikakifunika shuka, nikaamua nitakiuza.

Tulipokwisha kuanua matanga, watu wakaondoka, nyumba ikabaki na sisi wawili. Mama akatoka chumbani, akaiondoa ile shuka mwenyewe, akaikunja, akaketi kwenye kochi la Kabula.

“Piga anavyotembea,” akasema.

Nikapiga. Tumm-ti, tumm-ti, tumm-ti. Mama alikuwa ameutazama mlango wa uani, na macho yake yalivuka sebule taratibu kwa mwendo ule ule, kama kuna mtu anapita. Nilipofikia pale pa kumwangusha kwenye kochi, Mama akainua mkono.

“Usimwangushe. Mwache atembee.”

Nikaendelea, nalia, vidole vinateleza kwa machozi, mpaka Mama akasinzia. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwuliza.

Kanisani bado napiga, hawana mwingine. Ila kinanda kimerudi ukutani, na misibani ndiyo kabisa: nitakupigia vizuri, nitalia na wewe, lakini mgongo wangu ndio utakaouona. Nikimwona mtu anatembea nitamfuata, na yule niliyekuwa namfuata hayupo tena.